Risiva ya muziki kwa sebule ya Kusini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Risiva ni mashine inayopokea sauti ya TV, redio au simu na kuikuza kwenda kwenye spika. Orodha hii ya risiva na mashine zinazoshindana nazo nimeipanga kwa kufuata swali moja: mashine ikizima hapa Mtwara, nani ataiwasha tena? Sauti nzuri zipo nyingi. Mafundi wenye vipuri ni wachache, na Dar ni zaidi ya kilomita 550 kwa basi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Kilwa, aliyekuwa amepeleka mashine yake Kariakoo kwa ajili ya waranti ilibidi asubiri tu kama wasafiri wengine. Ukiletewa majina ya risiva bora duniani, yasome, lakini kumbuka aliyeyapanga huenda anakaa mtaa mmoja na kituo cha huduma na umeme wake hauchezi.

Haya yametoka kwa wenye nazo: mwenye kibanda umiza wa Magomeni, mwalimu wa Naliendele, mzee mstaafu wa Mikindani, dada wa saluni pale Shangani, na mafundi wanaozifungua zikishakufa. Hawakubaliani kwa kila jambo, na mimi sikubaliani nao wote.

Kwanza igeuze nyuma

"Bosi, hii ni wati elfu kumi. Nyumba inatikisika."

"Sawa kaka. Hebu igeuze tusome mgongoni."

Hapo muuzaji huanza kukutazama vingine. Nyuma ya kila mashine kuna kibandiko kinachosema inakula umeme kiasi gani. Kama inakula wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kutoa elfu kumi kwenye spika. Hata hizo 60 haitazitoa zote, maana nyingine huishia kuwa joto. Elfu kumi ni hesabu ya PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, ambayo haina kanuni. Kila kiwanda hujiandikia chake. Wewe tafuta RMS, yaani nguvu ambayo mashine huitoa mfululizo, halafu uangalie hiyo RMS imepimwaje. Kampuni kubwa nazo zina ujanja wao wa halali. Sony STR-DH590, risiva ya chaneli 5.2 (njia tano za spika na matundu mawili ya sabufa) iliyotoka 2018, inatangazwa kuwa na wati 145 kwa chaneli. Hapo ni chaneli moja inayofanya kazi peke yake, kwa mlio mmoja tu wa katikati (1 kHz). Chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia besi ya chini hadi twita ya juu, Sony wenyewe wanaandika 90. Na 90 za kweli ni nyingi kuliko sebule yako inavyohitaji. Taarifa ya habari na muvi ya jioni kwa sauti ya kawaida hazifiki hata wati 10.

Kibandiko hicho hicho kinataja volti. Kama hakuna 230V, au 220-240V, ruka hadi mwisho wa makala hii kabla hujatoa hela.

Ya kwanza: risiva ya mtumba ya 230V, pamoja na spika mbili nzuri

Wengi watashangaa siweki mpya juu. Nazungumzia Yamaha, Denon, Sony, Pioneer au Onkyo zilizotumika Uingereza au Dubai, zile nzito zenye transfoma kubwa ndani, za miaka ya 2000. Nyingi hazina HDMI, lile tundu la waya mmoja wa picha na sauti, kabisa, na hapo ndipo ninapozipendea. Zikiungua, mara nyingi kinachoungua ni transista za kutoa sauti, kapasita, au rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) imechoka. Fundi mzuri hapa mjini anavifahamu vitu hivi, na vipuri huja kwa bahasha ya basi. Risiva ya HDMI ikifa bodi ya HDMI, fundi huyo huyo atakuambia kwa upole: "Hii mzee tuiache."

Bila HDMI utaunganishaje na TV? Kwa waya wa optiko, ule wenye mwanga mwekundu kwenye ncha. TV nyingi za bapa zina tundu lake, na risiva nyingi za miaka ile zinalo pia. King'amuzi na flashi viingie kwenye TV, kisha TV itoe waya mmoja kwenda kwenye risiva. Ndivyo alivyofunga yule mwalimu wa Naliendele, na sauti yake ya mpira ingeitoa jasho saundba (ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV) ya bei mara mbili.

Malalamiko yanayojirudia kwa waliofunga hivi ni "picha ipo, sauti hakuna," hasa kwa muvi fulani za kwenye flashi. Mara nyingi muvi hiyo ina sauti ya DTS, aina ya sauti ya sinema iliyobanwa, na TV haijui kuipitisha. Tafuta nakala nyingine ya muvi. Kama ukimya ni wa vipindi vyote, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, toa iliyowekwa na uweke PCM, sauti ya kawaida isiyobanwa.

Kwa nini spika mbili wakati mashine ina nafasi ya tano na sabufa? Kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokitazama ni sauti ya chaneli mbili: ligi kwenye king'amuzi, Singeli, muvi zilizotafsiriwa ambazo sauti ya DJ imeshafunika kila kitu. Pesa ya spika tano nyepesi inunue mbili zenye uzito. Za nyuma utaongeza ukipenda. Mzee wa Mikindani aliongeza, na anasema mvua ya kwenye muvi sasa inanyesha mpaka mgongoni kwake. Wajukuu wanagombania kile kiti.

Kujaribu mtumba kunataka subira. Inyanyue kwanza, risiva ya kweli huwa na kilo 7 na kuendelea, na nyepesi kama redio ya kaseti ikutie shaka. Iwashe usikilize ule mlio wa "tik" wa rilei baada ya sekunde chache. Usipoupata, au ukija halafu ikajizima na kuandika PROTECT, rudisha mkono mfukoni. Iache ipige nusu saa, si dakika mbili, maana lehemu iliyopasuka hujionyesha mashine ikishapata moto. Zungusha kitufe cha sauti polepole: kukwaruza peke yake si tatizo kubwa, ni vumbi na chumvi ya bahari, dawa ya kusafishia inatosha. Jaribu kila tundu la spika moja baada ya jingine. Uliza rimoti. Risiva nyingi haziwezi kupangwa spika bila rimoti, na muuzaji anayesema "utatumia ya simu" aonyeshe hapo hapo na simu yake.

Kwa Onkyo, angalia mwaka. Kampuni yenyewe iliongeza dhamana hadi mwisho wa 2018 kwa baadhi ya risiva zake za 2009 hadi 2012 kwa sababu ya hitilafu za bodi za ndani zilizopoteza sauti na mtandao. Ukikuta ya miaka hiyo, hiyo nusu saa iwe saa nzima.

Ya pili: saundba yenye sabufa yake

Ya dada wa saluni ni hii, na kwake ndiyo jibu. Waya mmoja wa HDMI, Bluetooth kwa wateja wanaotaka kupiga nyimbo zao, hakuna spika za kupanga. Chomeka kwenye lile tundu la TV lililoandikwa ARC (ndilo linalotoa sauti ya TV), si lolote tu, halafu kwenye mipangilio ya TV washa CEC, inayoruhusu TV na saundba kuwasiliana, na uchague sauti itoke nje. Wanaorudisha saundba dukani wakisema ni mbovu, wengi wameruka hatua hiyo. Ubaya wake ni kwamba ikifa imekufa, hakuna cha kufungua. Ndiyo maana iko ya pili.

Ya tatu: risiva mpya ya HDMI

Hizi kwa sauti na raha ndizo zinazoongoza. STR-DH590 niliyoitaja, au Yamaha RX-V385, zina HDMI nne za kuingiza, Bluetooth, na kipaza sauti kidogo cha kupimia sebule yako ili mashine ijipange yenyewe. Kipimo hicho Yamaha wanakiita YPAO, Denon hutumia Audyssey. Kwa sebule zetu za sakafu ya vigae na kuta tupu, zinazorudisha mwangwi, kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Pima usiku, feni ikiwa imezimwa.

Nimeishusha kwa sababu ya swali la juu kabisa. Nunua mpya kama unapewa risiti ya EFD, waranti iliyoandikwa jina la duka na si mdomo wa dalali, na kama unajua nani atabeba gharama ya kuipeleka Dar na kuirudisha. Bila hayo unalipia upya wa boksi.

Ya nne: sabufa ya dukani

Zile zenye boksi la besi na vispika viwili au vitatu, taa za rangi, flashi na redio. Kwa laki moja na kitu huwezi kuwa mkali sana. Kwa chumba kimoja cha kupanga Chikongola inatosha, na kila fundi anaifahamu. Ongeza besi nusu tu. Boksi la mbao za unga likianza kubweka, hiyo ndiyo sauti yake.

Ya tano: homu thieta ya boksi moja

Hii ndiyo inayowapendeza watu kwa macho: spika nne ndefu, DVD katikati, vyote vya kampuni moja inayojulikana. Tatizo liko kwenye waya. Spika zake nyingi ni za omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, na zikiwa chache mashine hulemewa zaidi) na pini zake ni za kwake peke yake, kila moja na rangi yake. Mashine ya katikati ikifa, zile spika nne zinabaki mapambo, kwa sababu risiva ya kawaida inataka spika za omu 6 au 8 na ukiilazimishia za omu 3 utaiua nayo. Katika nyumba kadhaa nimezikuta spika hizo zimesimamishwa pembeni ya TV, moja ikiwa imetundikwa kofia.

Hesabu hiyo ya omu wenye risiva nao waijue. Spika mbili za omu 8 ukizifunga pamoja kwenye tundu moja zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2. Ndivyo risiva za sebuleni zinavyokufa msimu wa jando na unyago: shangazi anaomba redio ya sherehe, kijana anaongeza spika mbili za jirani, saa sita usiku mashine inajizima, wanaiwasha, inajizima, wanaiwasha tena. Ilikuwa inajilinda. Mwenye kibanda umiza ana risiva mbili, ya kazi na ya nyumbani, na ya nyumbani haitoki mlangoni hata aombwe na nani.

Umeme, joto na wadudu

Hasara kubwa huja umeme unaporudi, si unapokatika. Weka kifaa cha kulinda TV kinachochelewesha umeme ukirudi na kukata volti ikipanda au kushuka, na mashine isichomekwe ukutani moja kwa moja. Ya friji iache ilinde friji. Juu ya risiva acha nafasi ya kiganja kilichosimama, usiitandike kitambaa cha kufuma hata kama mama mwenye nyumba kakipenda. Usiku mende hufuata joto la ndani yake, na fundi mmoja alinionyesha bodi iliyoungua kwa sababu hiyo tu: mende mkavu amelala juu ya miguu miwili ya transista.

Kuhusu LUKU, watu wanaogopa bure. Risiva ikipiga kwa sauti ya kawaida hula kama wati 50. Saa tano kwa siku ni robo uniti, yaani uniti saba na nusu kwa mwezi. Kama uko kwenye daraja la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ipigie hesabu hiyo tu, utaona kama unabaki ndani.

Na wakati wa kununua: minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaingia, bei za madukani kuanzia Masasi hadi Tandahimba huwa hazina huruma. Subiri Januari na Februari. Ada na sare za shule zikishabana, risiva nzuri hutoka sebuleni zikatafuta wanunuzi, nyingine bado zina plastiki kwenye rimoti.

Ya mwisho: risiva ya Japani ya 100V

Nzuri kwa macho, safi, bei ya chini kuliko zote. Kibandiko kinasema 100V, na ukiichomeka kwenye 230V utasikia harufu kabla ya muziki. Itataka transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi ulaji wa mashine: inayokula wati 300, transfoma iwe ya 500 kwenda juu, tena ya kushusha hadi 100V, zile za 110V zinaitesa taratibu. Redio yake ya FM nayo ya Kijapani huishia 90 MHz kwa mashine nyingi za zamani, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata. Ukishaamua kuinunua, usikubali fundi akate ile pini yake ya bapa aweke ya miguu mitatu. Pini ya bapa haiingii kwenye soketi zetu za ukutani, na siku haupo nyumbani ndiyo itakayomzuia mtu kuichomeka.