Gereji ya pikipiki Magomeni, Mtwara: kazi safi, na madogo wanapewa nafasi

Wenye pikipiki hapa Mtwara mjini, kama kabureta inavuja au klachi inateleza nendeni ile gereji ya Magomeni yenye turubai la bluu. Boxer yangu ilikuwa inakunywa mafuta balaa, dogo wa kama miaka 16 kaifungua mbele yangu, skrubu zote kazipanga juu ya kipande cha boksi kwa mfuatano alivyozitoa, kasafisha jeti, karudisha, fundi mkuu akaja kusikiliza mlio tu akasema chukua chombo. Bei ya kawaida, na spea iliyokufa wanakupa mkononi uione.

Ila hao madogo ndo hasa wamenifanya niandike. Fundi anachukua wale ambao mtaani tushawaita vibaka. Kaa pale kwenye benchi uwasikilize, utaelewa wametokea wapi. Ndoa imevunjika, baba ana mke mwingine, mama kaolewa kwingine, mtoto kaachiwa bibi ambaye mwenyewe anangoja kusaidiwa. Msimu wa korosho ukianza Oktoba hata aliyebaki naye anahamia shamba, dogo anabaki na wadogo zake na sufuria tupu. Anaenda kuokota korosho kwenye mikorosho ya watu, na mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kimagendo, hamuulizi kazitoa wapi, anampimia, anampa hela hapohapo. Keshaizoea hela, msimu unaisha, sasa atakula nini? Hapo ndo simu zinaanza kuporwa. Na shule msiniambie ni bure, ada ilifutwa kweli 2016 mpaka kidato cha nne lakini sare na madaftari nani ananunua, na njaa mchana kutwa darasani?

Pale gereji wanakula ugali mchana, jioni kila mmoja anaondoka na posho kidogo. Chini ya miaka 14 fundi hampokei, na ndivyo Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka.

Kasoro: asubuhi bodaboda wanajaa utasubiri sana, kivuli kidogo, risiti hakuna. Kingine kinachoniuma ni wateja wanaokumbatia begi kila dogo anaposogea, jamani anasikia na anaona. Spana namba 10 ipo moja wanaazimana, mwenye ya ziada ampelekee fundi, pale itafanya kazi kila siku.