Starlet Mbili za Mtwara: Sumaku Kwanza, Injini Baadaye

Watazamaji wapenzi, karibuni tena karakanani kwetu hapa Mtwara. Mbele yenu zipo Toyota Starlet mbili: nyeupe ni EP82, toleo lililokoma mwaka 1995, na ya bluu ni EP91, toleo lililofuata hadi Vitz iliposhika nafasi yake mwaka 1999. Sitawasomea habari za nguvu ya injini wala ulaji wa mafuta, kwa sababu wengi wenu mmeziendesha na mnazijua. Nataka tuzungumze kuhusu kitu kinachoniudhi kuliko vyote katika biashara ya magari ya zamani, nacho ni pati, ule ujiuji wa kusawazisha bodi ambao ukikauka huwa mgumu.

Naomba mpiga picha ashuke hapa, kwenye kizingiti cha mlango wa EP91. Gari hili limeishi Mikindani kando ya bahari, na rangi yake inang'aa kiasi cha kumfanya mnunuzi alipe bila kuinama kutazama chini. Hii ni sumaku ya kawaida, niliyoizungushia kitambaa ili isikwaruze. Nikiiweka kwenye paa, inanata. Nikiiweka katikati ya mlango, inanata pia. Sasa naishusha kwenye kizingiti, na nadhani mmesikia wenyewe ilivyoanguka. Naihamishia juu ya gurudumu la nyuma: inashika kidogo, inateleza, kisha inasimama hapa penye bati halisi. Kuanzia hapa kwenda chini hakuna bati la kutosha, bali pati nene iliyopakwa juu ya tundu, ikapigwa msasa na kupuliziwa rangi. Nikibonyeza kwa bisbisi, bila kutumia nguvu, inazama hadi kwenye mpini. Tazameni kinachomwagika: vipande vya pati, kisha unga mwekundu wa kutu. Pati yenyewe haina kosa, maana fundi bodi huihitaji kusawazisha bati lililonyooshwa. Kosa ni kuitumia badala ya kukata sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya, kwa kuwa unyevu wenye chumvi hubaki umenaswa nyuma yake, na kutu huendelea kula kutokea ndani huku mwenye gari akiosha na kung'arisha nje.

Turudi kwenye EP82, iliyotokea Masasi. Rangi imepauka, boneti imebabuka, taa moja imepasuka na viti vimechanika, lakini sumaku inanata kwenye vizingiti vyote viwili, kwenye sakafu chini ya zulia, na hata mahali pa kuhifadhia tairi la akiba, ambapo maji hupenda kutuama. Kuna walioniuliza kwa nini ninalichinja gari jipya zaidi, yaani kuivua EP91 vipuri vyake, ili kulifufua la zamani. Jibu ni kwamba injini ya mtumba inaweza kununuliwa Gerezani, Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye lori na kukufikia hapa, lakini bodi nzima isiyooza ni jambo la kubahatisha, hasa kwetu tunaoishi na upepo wa baharini.

Kuhusu kuhamisha vipuri, Starlet hizi ni rafiki sana. Zote mbili zilikuwa na injini ya 4E-FE yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 1331. Ile ya EP82 ilikuwa ikitoa moshi wa buluu, dalili ya kuunguza oili, kwa hiyo tumeitoa na kuweka ya EP91 pamoja na gia boksi yake, na mauntingi, yaani vishikio vya injini, hazikutusumbua. Breki za mbele na habu zake zimehama pia. Msitarajie hivyo kwenye bodi. Milango, vioo na buti vya EP91 havikai kwenye EP82, na hata kati ya EP82 zenyewe, mlango wa mbele wa gari la milango mitatu ni mrefu kuliko wa gari la milango mitano, basi pimeni kabla ya kulipa nauli ya mzigo.

Wenye Vitz watanikumbusha kwamba injini zao hutumia mnyororo ilhali yangu inatumia mkanda wa taimingi, na hapo wana haki, maana mkanda huchakaa na lazima ubadilishwe. Ndiyo maana, injini ikiwa bado chini, tumebadilisha mkanda, roli yake na pampu ya maji kwa pamoja. Hata hivyo, leteni Vitz yenu tuipitishe kwenye sumaku, kisha tuendelee na mjadala.

Nilikusudia kuwaambia kwamba 4E inanitosha. Lakini injini ya Toyota Raum ya kwanza, 5E-FE, ni ya ukoo huohuo: kipenyo cha silinda ni kilekile cha milimita 74, ila mwendo wa pistoni umeongezeka kutoka milimita 77.4 hadi 87, na ujazo umefika 1497. Nikiufikiria mlima wa Newala, gari likiwa na watu wanne na gunia la korosho kwenye buti, msimamo wangu unalegea. Kinachonizuia ni bei, kwa sababu EP91 niliuziwa kwa bei ya chuma chakavu na injini ikiwa ndani yake, na pia kadi ya gari, ambayo huandikwa namba na ujazo wa injini. Mkibadilisha injini, hifadhini risiti na mwende Mamlaka ya Mapato (TRA) mkarekebishe taarifa, msije mkakwama siku ya kuuza.

Video ijayo itahusu nyaya za umeme peke yake, kwa kuwa wengi mmeiomba, na tumeshapata kipaza sauti kipya ili kelele za mashine ya kuchomelea zisiwasumbue tena. Wakati huohuo, natafuta taa ya mbele ya kushoto ya EP82. Kama unayo, iwe Nachingwea, Ruangwa au Tandahimba, niandikie hapo chini na uweke picha ya vishikio vyake vya nyuma, kwa maana taa nyingi zinazouzwa vishikio vyake vimeunganishwa kwa gundi.