Kupeleka ombi la wananchi Bunge la Manitoba, nyota 4 kati ya 5

Wenzangu mlioko huku Manitoba, Kanada, hii huduma msiipuuze. Ni bure, mnahitaji sahihi 15 tu kwenye karatasi na mbunge mmoja akubali kuliwasilisha. Bunge la taifa kule Ottawa kwa karatasi wanataka 25.

Letu lilikuwa la huduma ya dharura, maana huku kijijini ikifika usiku unaambiwa nenda mji mwingine, na Januari barabara yote barafu, mtoto anahema kwa shida siti ya nyuma, yaani we acha tu. Tukaandika na la pili la manesi wahamiaji, namjua dada mmoja kauguza watu miaka kwao, huku anapanga maboksi stoo sababu leseni haijatoka, inaniuma sana.

Siku ya kusomwa nilikaa juu kule kwa wageni, jengo lile la Winnipeg lenye sanamu ya dhahabu juu ya kuba. Mbunge kasimama kasoma ombi lote kwa sauti, mwisho akataja majina machache ya waliosaini, moja la bibi jirani yangu aliyesaini mezani kwangu jikoni huku mkono unatetemeka. Machozi yalinitoka jamani. Na yote yanaingia kwenye kumbukumbu rasmi za bunge.

Nyota moja nimepunguza kwa sababu kusomwa sio kutekelezwa, na kuzungusha karatasi shamba kwa shamba kwenye baridi ni kazi. Kalamu bebeni mbili, wino unaganda.