Oriental Museum, Durham: vyombo vya kauri vya gavana wa mwisho wa Kenya

Kwa wale mko Uingereza na mnapata wageni kutoka nyumbani, wapelekeni Oriental Museum ya chuo kikuu cha Durham. Iko Elvet Hill, ukitoka tauni kwa miguu ni kupanda, so kama uko na mzee chukueni basi. Kuna vitu vya Misri, Japani na kwingine, viko poa, ila mimi nilifuata kauri za China za Malcolm MacDonald.

Huyo ndiye gavana wetu wa mwisho! Alikusanya sahani na bakuli kwa miaka mingi, sogea karibu na kioo uone ile buluu ilivyotulia juu ya nyeupe. Mtu wa pwani atazitambua chap, ni jamaa za zile bakuli wazee walipachika kwenye nguzo za makaburi kule Mambrui na Kunduchi.

Lakini someni habari zake kabla hamjaenda, mtaziona tofauti kabisa. Babake, Ramsay MacDonald, ndiye waziri mkuu wa kwanza wa chama cha Labour, Malcolm naye akaingia bungeni 1929, akawa waziri wa makoloni, na 1939 serikali yao ikatoa ule waraka wa Palestina wa kuweka kikomo cha Wayahudi 75,000 wa kuhamia huko kwa miaka 5, Wayahudi wakaukataa na viongozi wa Waarabu pia wakaukataa. Baadaye akatumwa Kanada, Malaya na Singapore, India, ndo akatua Nairobi Januari 1963 kuchukua nafasi ya Renison, gavana aliyemtangulia, yule aliyesema Kenyatta anaongoza watu gizani na kwenye mauti. MacDonald yeye aliona kuchelewesha uhuru ndo hatari zaidi, akasukuma mambo, Madaraka (kujitawala kwa mambo ya ndani) Juni, Uhuru Desemba, na Kenyatta mwenyewe akataka abaki kama gavana mkuu mpaka tukawa jamhuri 1964, kisha akawa balozi wa Uingereza hapo hapo Nairobi. Hiyo ni heshima kubwa sana kwa mtu aliyeletwa na mkoloni. Ila tusisahau alikuwa anatumikia Uingereza, mashamba ya masetla wazungu yalinunuliwa kwa mikopo, hayakurudi bure, na hilo linaniuma hadi leo.

MacDonald alikuwa pia mkuu wa chuo kikuu cha Durham kuanzia 1970 hadi alipofariki 1981, na karatasi zake ziko maktaba ya chuo. Wanaosoma historia ya Kenya waandikie maktaba mapema waombe kuziona, wafanye yote safari moja.