Flatcar baada ya mwaka na ushee: Linux isiyotaka kushikwashikwa

Wakuu habari za saa hizi. Hii Flatcar Container Linux, yaani mfumo endeshi (OS) wa seva wa kuendeshea makontena, zile programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji, nimekaa nayo mwaka na ushee kwenye seva tatu za kazini, na kila nikikutana na madogo wa IT swali ni lile lile, inafaa au ni mbwembwe tu, sasa ngoja niandike mara moja tumalizane.

Jina lenyewe kwanza. Flatcar ni lile behewa tambarare lisilo na kuta wala paa, ambalo kontena linakalishwa juu yake, kama umewahi kuona treni ya mizigo ya SGR ikitoka bandari ya Mombasa basi unalijua. Na OS yenyewe iko hivyo hivyo, ni sakafu tu ya kubebea makontena. Hamna apt wala yum za kusakinishia programu, hata Python hamna, kwa hiyo mtu wa Ansible, kile chombo cha kusetia seva nyingi kwa mpigo kinachotegemea Python, atanuna siku ya kwanza. Mimi siku ya kwanza nilijaribu kutupia kiskripti changu kwenye `/usr/bin` kama nilivyozoea, ikanijibu `Read-only file system`, nikaweka sudo, yaani kwa mamlaka ya juu kabisa, jibu lile lile. Nikajiona mgeni kwenye nyumba niliyoilipia kodi mwenyewe.

Ila sababu ipo. Kuna patisheni mbili, yaani vipande viwili vya diski, za `/usr`, folda ya programu za mfumo: A na B. Ukiwa unatumia A, apudeti inashushwa kimya kimya inaandikwa kule B nzima nzima, sio pakeji moja moja, ukiribuuti unaamkia B. B ikigoma kuwaka unarudi A. Ni kama daladala yenye dereva na deiwaka, huyu akichemka yule anashika usukani na abiria hawashuki. Hii stori ya apudeti kukatika katikati umeme ukakatika ukabaki na seva nusu mpya nusu ya zamani, ambayo imenilaza ofisini si mara moja, huku sijaiona tena.

Sasa kosa langu, na nasema langu maana maelezo yapo wazi sikusoma tu. Flatcar ukiiacha kama ilivyokuja, ikishamaliza kushusha apudeti inajiribuuti yenyewe. Mimi niko ndani ya seva kwa ssh, ile ya kuingia kwa mbali, saa kumi na moja jioni, mteja wetu wa Kariakoo anafunga hesabu za siku, mara kwenye skrini naona `System reboot in 5 minutes!` Hizo dakika tano zenyewe ni hisani kwa sababu kuna mtu ameingia, ingekuwa hamna mtu ingeondoka bila kuaga. Nikapaparika pale, nikaja kukumbuka `systemctl stop locksmithd`, amri ya kusimamisha huduma inayoribuuti, jasho linanitoka na AC iko on. Kesho yake nikaandika kwenye `/etc/flatcar/update.conf` kwamba kuribuuti ni saa tisa usiku tu na dirisha lenyewe ni la lisaa limoja tu, basi, toka siku hiyo hatujagombana.

Kinachowatesa wengi ni Ignition, chombo cha kuisetia mashine. Huingii kwenye mashine ukaanza kusetisetisha, unaandika kila kitu kabla haijazaliwa: yuza, ufunguo wa ssh, huduma za kuwashwa (systemd), diski. Unaandika kwa YAML, maandishi yanayosomeka na mtu, programu ya Butane inakugeuzia kuwa JSON ya kusomwa na mashine, mashine inaisoma mara moja tu inapowaka mara ya kwanza na haitarudia. Nilibandika ufunguo wa laptopu ya zamani, YAML iko safi kabisa, Butane haijalalamika, mashine ikawaka vizuri na mimi niko nje nagonga mlango. Ukiwa na akili za Ubuntu, ile Linux ya kawaida, utaanza kutafuta namna ya kuvunja uingie. Mimi nilikesha na hiyo kama saa mbili hivi ndo nikashtuka kwamba ni kuifuta, kurekebisha mstari mmoja na kuizalisha upya, kazi ya dakika tatu. Kuanzia hapo nikaacha kuzipa seva majina ya kubembeleza.

Lakini kilichonifanya nibaki ni wanavyotoa matoleo yao, na hapa nawavulia kofia. Namba ya toleo ina maana yake: ile ya kwanza ni hesabu ya siku toka tarehe 1 Julai 2013. Ukiona 3510, hesabu, utaangukia mwezi wa pili 2023. Namba ya pili ni chaneli, 0 ni alfa, 1 ni beta, 2 ni stebo (thabiti), 3 ni LTS, yaani ya kutunzwa muda mrefu. Kwa hiyo 3510.2.0 ni kitu kile kile kilichoanzia alfa kama 3510.0.0, kikapita beta, kikakomaa. Hakiruki hatua. LTS inatoka moja kwa mwaka na inatunzwa miezi 18, ina maana una nusu mwaka wa kuhama bila kukimbizwa. Mimi mbili ziko stebo na moja nimeiweka beta makusudi, hiyo ndo ya kuonja chumvi, kikiharibika kitu kiharibike pale kwanza.

Niliwahi kujaribu hata kuijenga mwenyewe kutoka kwenye source code. Wanakupa SDK, yaani vifaa vya kujengea, ambayo nayo ni kontena, unaendesha `run_sdk_container`, halafu `build_packages`, halafu `build_image`. Chini yake ni Gentoo, Linux nyingine, maana ukoo wake unatoka ChromeOS, mfumo wa Google wa Chromebook. Inafanya kazi kweli ila feni ya laptopu yangu ilinguruma kama jenereta ya msibani, sikurudia.

Wasiwasi wa watu ni kwamba itakufa kama mzazi wake, na ni haki yao. Mzazi mwenyewe, CoreOS, ilianza 2013, Red Hat wakainunua 2018 kwa dola milioni 250, tarehe 26 Mei 2020 ikafungwa, watu wakabaki na klasta, yaani makundi ya seva, zisizopata tena apudeti. Flatcar ilikuwa imeshaanzishwa 2018 na kampuni ya Kinvolk ya Berlin kwa kuchukua source code ile ile, na mashine ya CoreOS ungeweza kuihamishia huku pale pale ilipo bila kuisetapu upya. Microsoft nao wakainunua Kinvolk 2021, hapo hata mimi nilikunja sura, ila 2024 mradi ukapokelewa CNCF, taasisi inayolea miradi ya wazi ya wote, kwa hiyo sasa sio mali ya duka moja. Mimi naona iko pazuri kuliko CoreOS ilivyokuwa.

Ukitaka kuongeza kitu kuna sysext, faili moja la imeji linalojipachika juu ya `/usr`, hata Docker na containerd zenyewe, zinazoendesha makontena, siku hizi zinakuja hivyo. Ni nzuri ila kutengeneza ya kwako inataka uvumilivu. Na kama bando lako ni la kuungaunga, kila apudeti ni imeji nzima ya mamia ya megabaiti kwa kila mashine, ukiwa nazo nyingi weka Nebraska, seva yao ya kugawia apudeti, uamue mwenyewe nani anapata lini.

Kwa wapinzani wake, Talos wao hawana hata ssh, hiyo kwangu bado ni kali mno. Bottlerocket, kama maisha yako yote yako AWS, wingu la Amazon, sawa.

Naipa 8 kwa 10. Mbili nimekata kwa siku za kwanza zilivyonitoa jasho. Kama una seva moja yenye PHP, paneli na barua pepe vyote humo humo, achana nayo, utalia. Hapa kwetu imebaki Ubuntu moja yenye MySQL ya zamani ambayo kila mtu anaogopa kuigusa, bosi kasema tusubiri hesabu za mwezi wa sita zifungwe kwanza.