Narudi kwa Bwana Msa: uchambuzi wa Mzimu wa Watu wa Kale, na muuaji simtaji

Habari za jioni, na karibuni tena. Leo mezani kuna kitabu kimoja tu. Ngoja nikisogeze karibu mkione vizuri. Jalada limefifia, pembe zimelika, na kurasa, tazameni hapa, zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mgongo wake nimeushikiza mwenyewe kwa gundi mara mbili. Ni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, na ndicho kitabu ninachompa mtu yeyote anayeniambia kwamba anataka kuanza kusoma riwaya za upelelezi za Kiswahili lakini hajui aanzie wapi.

Kabla sijaenda mbali natoa ahadi. Muuaji simtaji. Hata kwa kumzungukazunguka simtaji. Kwa wengine huo ni utani wa wachambuzi wa vitabu, ila kwangu jambo hili lina kisa chake, nitawasimulia.

Hadithi yenyewe. Bwana Ali, mtu mwenye mali na mashamba, anakutwa ameuawa. Hapo bado ni kifo kama vifo vingine vya vitabuni. Kinachonyanyua nywele ni mahali alipokutwa: kwenye mzimu.

Wewe uliyekulia bara huenda ukisikia "mzimu" unaona kivuli cheupe kinachotembea usiku. Unguja na Pemba mzimu ni mahali. Ni pango, au mbuyu mkubwa, au magofu ambayo hakuna anayejua aliyeyajenga. Watu hupeleka ubani pale, huacha vitambaa na chakula, huweka nadhiri. Mtoto anaonywa asipite magharibi inapoingia, na mtu mzima naye akipita anakaza mwendo bila kusema kitu. Sasa maiti ikikutwa mahali kama hapo, watu hawaulizani nani kaua. Wanaulizana marehemu alikosa nini. Hebu kaa na tofauti ya maswali hayo mawili. La kwanza linamtafuta mtu. La pili limeshafunga kesi, na aliyekufa ndiye mshtakiwa.

Hapo ndipo kitabu kinaponishika kila ninapokirudia. Nimesoma riwaya nyingi za mashaka ambamo hofu inaletwa na giza, au mlango unaolia wenyewe, au nyayo nyuma ya mtu barabarani. Humu hofu ipo hata saa sita mchana. Ni hofu ambayo watu wamekuwa nayo tangu wanazaliwa, na kwa sababu hiyo hawaioni. Mpelelezi anayeingia katika kijiji cha namna hiyo ana kazi mbili: amtafute mhalifu, halafu awashawishi watu kwamba kuna mhalifu wa kutafutwa.

Mpelelezi huyo ndiye Bwana Msa. Ana kiko chake mdomoni, na ana rafiki, Najum, anayefuatana naye kila mahali akiuliza yale ambayo mimi na wewe tungeuliza. Upande wa serikali yuko Spekta Seif, yaani inspekta wa polisi. Anayemjua Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni wa Uingereza, atakitambua kile kiko, na atamtambua yule rafiki. Mwandishi hakujificha. Ila Bwana Msa si Mwingereza aliyevalishwa kanzu. Anapiga soga, anatania, anakaa na watu wa kila aina, na ukali wake uko masikioni. Anamwachia mtu aseme. Mtu akishasema vya kutosha, Bwana Msa ameshabeba anachokitaka, na huyo msemaji wala hana habari.

Kwa hiyo sikiliza ushauri wangu wa kwanza: kitabu hiki usikiruke mazungumzo. Wengi wetu tukisoma riwaya ya upelelezi tunakimbilia matukio, na yale maongezi ya barazani tunayapitia juu juu. Ukifanya hivyo hapa umekwisha. Mimi mara ya pili nilikisoma kwa sauti, polepole, na nikajikuta nasimama: kumbe huyu alisema hivi, kumbe yule alijibu vile. Mara ya kwanza nilikuwa nimeyapita yote.

Najum ananifurahisha na ananiudhi. Ananifurahisha kwa sababu kupitia kwake tunapata haki yetu, maana tunatembea naye na kusikia naye. Ananiudhi kwa sababu kuna mahali natamani mwandishi amwongezee akili kidogo. Mtu aliyekaa na Bwana Msa siku zote hizo angekuwa ameokota kitu.

Sasa mwandishi, kwa kifupi, maana maisha yake yananisaidia kukielewa kitabu. Alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alifanya kazi Idara ya Afya kama mkaguzi, kisha akaingia kwenye uandishi wa habari, na baadaye akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la wakulima. Mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki, na kitabu kikatoka 1960. Alifariki 1991. Katikati hapo alimrudisha Bwana Msa tena na tena: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, na vingine.

Hiyo kazi ya ukaguzi wa afya huwa inanirudia kichwani. Hili ni wazo langu mwenyewe, lichukueni hivyo. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia nyumbani kwa watu kwa adabu, anabisha hodi, anaketi, anasalimia wazee, na wakati huohuo jicho linatazama mtungi una mfuniko au hauna, maji machafu yanakwenda wapi, nyuma ya nyumba kuna nini. Mwenye nyumba anajua anakaguliwa na bado wanacheka pamoja. Nikimsoma Bwana Msa anavyoingia kwa watu, namwona mkaguzi huyo.

Haya, kisa nilichowaahidi.

Nakala yangu ya kwanza niliinunua kwa muuza vitabu wa barabarani, pale Posta, Dar es Salaam. Kaitandaza chini pamoja na vitabu vya hesabu na magazeti ya zamani. Nikalipa, nikaondoka na furaha yangu, wala sikufungua kurasa za mwisho, kwa sababu nani anafungua kurasa za mwisho za kitabu cha upelelezi? Usiku wa tatu umeme ukakatika. Nikawasha taa ya simu, nikaendelea. Bwana Msa anakaribia, mimi moyo unakwenda mbio, nafunua ukurasa, nakuta jalada la nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Na si moja wala mbili. Nilipitisha kidole pale kwenye mshono nikagusa mabaki ya karatasi, vijinyuzi vyake tu.

Nikamrudia muuzaji, akaniambia hana nyingine, na pesa hakurudisha. Nikazunguka maduka mawili, matatu. Hakuna.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, asili yake Unguja, aliyekuwa akikaa barazani baada ya alasiri. Nikamwendea. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa amekisoma ujanani. Nikamwomba: basi babu, niambie tu, nani kaua?

Akakataa. Akaniambia, "Nikikwambia nitakuwa nimekuibia." Kisha akaniuliza, "Wewe wamshuku nani?" Nikamtaja mtu. "Kwa nini?" Nikatoa sababu. Akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akasema, "Kasome tena, kesho uje."

Nilikwenda kesho yake, na kesho yake tena. Kila siku nikifika swali ni lilelile: kwa nini wamshuku? Nikimwambia namshuku kwa sababu ana sura mbaya kitabuni, hanijibu. Nikisema alisema jambo fulani, ananiuliza, "Alisema wapi? Mbele ya nani?" Ndipo nilipoanza kuandika. Nilichukua daftari, nikaweka majina upande mmoja, na mbele ya kila jina nikaandika maneno yaliyomtoka na ukurasa wake. Karibu wiki tatu zilipita hivyo. Mimi na mzee wa miaka sabini na ushee tunabishana juu ya watu ambao hawajapata kuzaliwa.

Siku moja ndugu yake alivuka na boti kutoka Unguja, akamletea nakala nzima. Ndiyo hii. Mzee akanipa na kuniambia, "Haya, kamalize." Nikamaliza usiku uleule. Nilikuwa nimekosea. Niliyemshuku siye. Nikarudi kwenye daftari langu, na ukweli ulikuwemo, kwa mkono wangu mwenyewe, nimeuandika na ukurasa wake, nikaupita.

Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuzungumza na watu juu ya vitabu hivi. Ndiyo maana chaneli hii ipo. Na ndiyo maana simtaji.

Turudi kwenye uchambuzi, kwa sababu kitabu kina upungufu wake na ni haki yenu kuujua. Mwanzo unakwenda taratibu. Kama umezoea riwaya inayoanza na mlio wa bastola, kurasa za mwanzo zitakujaribu. Vumilia. Pili, Kiswahili chake ni cha Unguja ya wakati ule, kina maneno ambayo kijana wa leo atasimama nayo. Mimi nakaa na kamusi pembeni, na hilo kwangu ni raha, ila kwa mwingine ni kazi. Tatu, ufafanuzi wa mwisho ni mrefu. Bwana Msa anapoanza kueleza alivyofika alipofika, anaeleza kweli. Mara ya kwanza niliumeza wote kwa pupa, lakini niliporudia niliona ungeweza kupunguzwa.

Kuna wanaosema riwaya za Kiswahili za namna hii tamu ni zile zilizofuata, za miaka ya sabini na themanini, zenye wahusika kina Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba na Joram Kiango wa mwandishi Ben Mtobwa. Nazipenda sana. Gamba anakuchukua mbio, kuna silaha, kuna ndege, kuna siasa za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na hiyo haikuwa hewa, maana Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Ila ni chakula kingine. Kwa Gamba unauliza atatokaje hapo. Kwa Bwana Msa unauliza mtu huyu ninayemsikiliza ananidanganya au hanidanganyi, na hilo ni swali ninalotoka nalo mpaka nje ya kitabu, sokoni, kwenye daladala, msibani. Nikipewa vyote viwili na usiku mmoja tu, nachukua Bwana Msa.

Kwa mnunuzi: ukipata nakala ya mitumba, fungua mwisho na uhesabu kurasa, bila kusoma. Weka kiganja juu ya maandishi, tazama namba tu. Angalia mshono. Bana kitabu kidogo uone kama kuna kipande kinachocheza. Ukikuta chapa mpya, afadhali, herufi zinasomeka bila kukaza macho. Wanaoanza, baada ya hiki nendeni Kisima cha Giningi. Giningi katika masimulizi ya Wazanzibari ni kwa wachawi, kwa hiyo mtaona mwandishi anaendelea kuchimba shimo lilelile la hofu, na kwa mkono uliokomaa zaidi.

Jambo la mwisho nataka mlione kwa macho. Nasogeza tena. Hapa, pembeni mwa ukurasa, kuna maandishi ya penseli. Si yangu, na mzee aliniambia si yake. Yamefifia lakini yanasomeka: "Huyu mwongo." Mstari umepigwa chini ya maneno ya mmoja wa wahusika. Kidole changu kimeziba jina, na kitaendelea kuliziba. Kuna mtu, sijui miaka mingapi iliyopita, alifika ukurasa huu akashika penseli. Kurasa kama kumi mbele, mkono ni uleule, ameandika tena: "Au siye?"

Mzee ametangulia mbele ya haki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Kitabu aliniachia. Wiki hii nampa mdogo wangu wa kike, amefunga shule, ana siku za kusoma. Nimemwekea na penseli ndani, imechongwa. Na nimeshamwambia kwamba kila jioni nitampigia simu kumuuliza anamshuku nani, na kwa nini.