Mafuta ya samaki kwa mbwa jike: misimu mitatu na Shaba

Anayetaka jibu la haraka, hili hapa: mafuta haya hayazuii manyoya ya mbwa jike kupukutika baada ya joto, yaani kile kipindi anachotaka dume. Aliyeniuzia, duka moja la Dar es Salaam, aliapa kwamba yanazuia, na mimi nikaamini nikalipia na nauli ya boti. Hata hivyo nayapa nyota tatu, wala si moja.

Shaba ni chotara, nusu German Shepherd, nusu mbwa wetu hawa wa mashamba. Nilimpata kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi hoteli za Paje, alipokuwa anarudi kwao. Analinda shamba langu la muhogo na mipapai Kitogani, kusini mwa Unguja, ambako ukilala bila mbwa, nguruwe na kima watakuvunia wao. (Na wale wanaoniuliza kila siku: mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake katika dini yetu ya Kiislamu, ndoo na udongo wa kujitoharishia viko mlangoni, na zile mara saba za kuosha nazihesabu mwenyewe.) Wasasi, yaani wawindaji, wa huku kusini wanafuga mbwa tangu enzi za babu zetu, lakini wale manyoya yao mafupi, yakipukutika huoni kitu. Shaba ana tabaka mbili: ya juu marefu, ya chini laini kama sufi. Yakianza kutoka, unajaza mto.

Februari 2024 aliingia joto. Nilimfungia ndani ya banda wiki tatu, madume ya kijiji kizima yakikesha kwenye ua. Hakupandwa. Nikashukuru Mungu, nikasahau. Mwisho wa Mei nakuta mafungu ya manyoya kila kona ya banda, mapaja yamebaki mepesi, mkia kama wa panya. Jirani akasema upele. Nikawa namwosha kwa sabuni ya mche kila baada ya siku moja, na Ijumaa nampeleka pwani akaogelee, maana tunaambiwa maji ya chumvi ni dawa. Ngozi ikakauka, ikaanza kutoa mba. Mwingine akanishauri mafuta ya nazi. Nilimpaka toka shingoni hadi mkiani, akaenda zake kulala chini ya mpapai, akarudi na mchanga wote wa shamba. Yaliyobaki akayalamba.

Daktari wa mifugo alipofika alimpekua kupe, akaangalia ngozi, akaniuliza swali moja tu: "Huyu alikuwa kwenye joto lini, mzee?" Nikahesabu kwa vidole. Miezi mitatu na kitu. Akacheka.

Alichonieleza kilinifungua macho. Mbwa jike akimaliza joto, apandwe asipandwe, mwili wake unakaa kama miezi miwili ukijiendesha kama wenye mimba. Mimba ya mbwa yenyewe ni siku 63 hivi. Homoni zile zikishuka, wengine hutoa hata maziwa na kuanza kuchimba mashimo wakitafuta pa kuzalia, na manyoya ya zamani huanza kuachia, kama ya mama aliyenyonyesha. Kwa hiyo kupukutika kwa mwezi wa tatu au wa nne baada ya joto si ugonjwa. Ugonjwa nilikuwa nauleta mimi na sabuni yangu. Sabuni akaipiga marufuku, na pwani akasema sawa, lakini mbwa asuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi akirudi.

Sasa chupa ya mafuta ya samaki. Nilianza kumpa katikati ya Julai 2024, mapema kabla ya joto la pili, kwa sababu manyoya mapya hayaoti kwa wiki moja. Matokeo ya mafuta yanataka wiki sita hadi nane. Anayenunua wakati manyoya yameshajaa sakafuni amechelewa. Kipimo kimeandikwa kwa uzito, na Shaba hakubali kusimama kwenye mizani, basi nilivua kanzu, nikambeba, nikasimama naye, kisha nikatoa uzito wangu: kilo 29. Kosa langu la kwanza ni kumpa kipimo kizima siku ya kwanza. Aliharisha siku tatu. Nikaanza tena kwa robo, nikapandisha pole pole kwa wiki mbili, akatulia.

Kosa la pili ni kuiacha chupa kwenye banda lenye joto. Mafuta ya samaki yanaharibika upesi yakikaa kwenye joto na hewa. Harufu ya samaki ipo tangu siku ya kwanza, hiyo si neno. Ninayoisema ni ile kali inayochoma pua. Chupa niliyonunua ni ya lita moja, na theluthi ya mwisho niliimwaga. Friji tunayo, ila mke wangu alisema chupa ya mbwa haikai pamoja na samli yake, na kwa hilo sikuwa na hoja. Nunueni chupa ndogo. Tena mdomo wake unavuja, sisimizi wanapanga foleni.

Agosto akaingia joto, na mwisho wa Novemba manyoya yakapukutika kama kawaida. Wingi ule ule, nakuhakikishieni. Tofauti niliiona kwenye ngozi: mba hakuna, kujikuna kumepungua sana, na manyoya mapya yalitoka yaking'aa hasa.

Msimu wa tatu, Machi 2025, niliamua kujaribu bila chupa. Nikampa dagaa wetu, robo kilo nagawa siku kadhaa, pamoja na yai la kuchemsha kwenye ugali wake. Dagaa wa Unguja wanachemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo nawaloweka usiku kucha na kumwaga maji. Manyoya kwa sehemu kubwa ni protini, na hapo dagaa hawana mpinzani: yaliota haraka kama mara ya pili, mapaja yakajaa. Lakini upepo wa kusi ulipokaza, Juni na Julai, mba ukarudi kidogo na mng'ao ukapungua. Huyu ni mbwa mmoja, najua, lakini mimi nimeshaamua: dagaa mwaka mzima, chupa ndogo miezi miwili kabla ya joto.

Jambo moja halimo kwenye lebo yoyote. Wiki nne hadi nane baada ya joto naangalia bakuli la maji kuliko manyoya. Mbwa akinywa maji kupita kiasi, akakataa chakula, akazubaa au akatokwa na usaha ukeni, huenda kizazi kimejaa usaha, na hapo anapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Wakati mwingine usaha hautoki nje kabisa, na hiyo ndiyo hatari zaidi. Daktari amenishauri aondolewe kizazi na ovari, yaishe yote. Nalifikiria; kwanza nipate wa kunilindia muhogo wiki atakazokuwa anapona.